Rafiki kakutumia ngoma yake, umwambie nini?

Wiki hii maswali yamemiminika ya hawa vijana wanaotengeneza biti nyumbani kwa laptopu, na wengi waliouliza ni wale wanaotumiwa ngoma saa tano usiku waambiwe "skiza alafu niambie ukweli". Mimi nafunga vyombo vya muziki harusini hapa Lamu miaka mingi, najibu kwa nlichokisikia.

Rafiki yangu wa Shela kanitumia ngoma yake ya kwanza ya haus (muziki wa dansi wa kompyuta), dakika sita, na ukweli imenichosha. Nimwambie vipi asivunjike moyo?

Iskize mara mbili kabla hujaandika kitu, ya kwanza umekaa tu, ya pili na kalamu mkononi. Alafu usimwambie "inachosha", hilo hawezi kulifanyia kazi, mwambie wapi, hata kwa kiki, ule mdundo mzito wa chini. "Mpaka 1:40 nlikua nayo, kutoka hapo kiki na kinanda zinarudi vilevile mpaka 3:10 nikaanza kuchezea simu." Kwa mwendo wa mapigo 124 kwa dakika lupu ya mapigo 32 inakwisha kwa sekunde kama 15, kwahivo hapo amekurudishia kitu kilekile karibu mara sita! Usiku huohuo anaweza kufungua projekti, aende 1:40, atoe kinanda au abadilishe hai-hati (ile tss tss ya juu) au aikate yote. Na kilichokupendeza kitaje hivohivo kwa sekunde, manake ukimwandikia "noma sana" peke yake atakuja kukifuta akirekebisha na kumbe ndo kilichokua kimeibeba ngoma.

Ngoma ya kakangu kwa hedifoni besi inatingisha, kwa simu haipo kabisa. Anasema simu yangu mbovu.

Simu si mbovu na yeye hakusikia vibaya. Kispika cha simu ni kidogo, chini ya hezi 150 hivi (hezi ndogo ndo sauti nzito) hakitoi kitu cha maana, na besi ya chini kabisa inakaa hezi 40 mpaka 60. Mwambie aikwaruze besi kidogo, programu nyingi zina satureshoni, ili juu ya hio 50 zitokee 100, 150, 200 na kuendelea, sikio likizipata hizo linaijaza ya chini lenyewe.

Ila na wewe angalia unaskizia wapi. Kijana mmoja alinishikisha spika yake ya bluutuuthi tuko kwenye boti kutoka Mokowe, katikati ya maji, injini inanguruma, ngoma nzima ikabaki ni tss tss ya hai-hati na sauti ya mbali. Nikamwambia ngoja tushuke. Tukakaa gatini watu wanapita na magunia yao, tukaskiza upya, besi ipo tele, tena imeilalia kiki, kila kiki ikipiga ni kama mtu anagonga mlango uliofunikwa blanketi. Injini ndo ilikua inaimeza besi, zote mbili zinanguruma hukohuko chini. Lau ningetoa maoni kule kwenye boti ningemwambia aongeze besi, na angeniamini, na angeiharibu.

Mdogo wangu anachanganya chakacha na haus. Babu anasema ameiharibu, wenzake wanasema haikamatani. Nani tumskize?

Wote wawili, ila hawasemi kitu kimoja. Chakacha inakwenda kwa sita, haus ni kiki nne zilizonyooka, na zinakaa pamoja vizuri tu kama kila kiki inagawanywa mara tatu. Programu nyingi ukizifungua zinakuja zimegawanya kwa nne, akipanga msondo, ile ngoma ndefu ya kupigwa, pigo linavutwa kwenye mstari usio wake, na hio ndo "haikamatani" ya wenzake. Hilo ni kosa na linatengenezeka, abadilishe gridi, hio mistari, iwe ya tatutatu au azime ile ya kunasa mapigo. La babu ni ladha, lakini msimpuuze jamani, mwambieni aipige kwa vidole mezani mrekodi kwa simu alafu muiweke sambamba na biti. Wazee wetu wanayo mapigo ambayo hakuna lupu ya kununua inayo.

Mimi sijui lugha ya maprodyuza. Maoni yangu yana faida?

Yana faida sana dada yangu. Andika ulichofanya: hapa nliongeza sauti, hapa nlipunguza masikio yaliniuma, hapa nlirudisha nyuma. Jina la tatizo atalitafuta mwenyewe.

Nlimtumia mtu ngoma akaniambia achana na muziki. Nimeifuta.

Pole sana mwanangu, imeniuma kusoma. Huyo hakusema chochote kuhusu ngoma yako, hakuna ata sekunde moja aliyoitaja. Angalia pipa la taka la kompyuta leo kabla hujalisafisha. Ukiipata, itume kwa mtu mwengine kama dokumenti isipungue ubora, na swali moja tu: kiki na besi zinagombana?