Mgonjwa mwenye kichefuchefu hadeki

Juzi binti mmoja anayesomea uuguzi kaniandikia: "Dada, mgonjwa wangu anasikia kichefuchefu mchana kutwa, daktari kashaandika dawa, mimi nifanye nini tena?" Mdogo wangu, kazi yako hapo ndiyo kwanza inaanza.

Niliwahi kumhudumia mama mmoja hapa Tanga, mkazi wa Ngamiani, mimba changa. Hakuna kilichokaa tumboni, hata maji. Waliomaliza zamu walinikabidhi kwa maneno mawili: "Huyo anadeka." Waliyasema mbele yake, na yananiuma mpaka leo. Mtu mdomo umemkauka, mkojo kidogo na umekolea rangi, anadeka nini?

Nikavuta kiti nikakaa naye. Alikuwa ametulia mpaka saa ya kuona wagonjwa. Akaingia wifi yake, kanga imefukizwa udi, mkononi hotpoti ya mchuzi wa samaki. Hata kifuniko hajafunua, mgonjwa keshashika beseni. Nilimtoa wifi nje kwa adabu, nikamweleza, wala hakununa. Mgonjwa nikamhamishia kitanda cha dirishani, mbali na choo. Ndugu nikawaomba walete vitu vikavu, vilivyopoa: mkate mtupu, viazi vya kuchemsha. Ale kidogo kidogo, maji anywe kwa mafunda madogo.

Dripu na sindano alipata, dawa sizibezi. Ila metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, ikipitia mshipani isukumwe polepole, isipungue dakika 3. Ukiiharakisha, mgonjwa anaingiwa na wahaka, hatulii kitandani, halafu mtasema tena anadeka! Na mjamzito aliyetapika kwa muda mrefu, kumbusheni vitamini B1 itangulie dripu ya glukosi, kwa usalama wa ubongo wake.

Siku alipomaliza bakuli la uji na likakaa, nilitembea wodini kifua mbele. Sioni haya kusema hivyo.

Wauguzi wenzangu, manukato tuyaache nyumbani. Beseni lenye matapishi lisikae uvunguni, ila kabla ya kumwaga litazameni. Mkiona damu, au vipande vyeusi kama kahawa iliyosagwa, au kijani ya nyongo kwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, mwiteni daktari saa hiyo hiyo. Pimeni, mwandike kwenye chati ya maji yanayoingia na kutoka. Mpeni maji asukutue. Ambaye ganzi haijamwisha alazwe ubavu, asilazwe chali, matapishi yasije yakaingia mapafuni. Kichwa kikimuuma sana na shingo imekakamaa, msingoje raundi.

Na muulizeni mgonjwa mwenyewe! Kichefuchefu kinamwanza saa ngapi, akinusa nini, akimeza kidonge gani? Wapo wanaokunywa metformini ya kisukari tumbo tupu, wakiinywa pamoja na chakula wanapata nafuu. Majibu yaandikwe kwenye faili, daktari ayakute.