Mbuzi ana dawa, mimi sina: maswali yenu ya mwezi huu

Asalaam aleikum dada mfamasia. Mimi nipo Bweni, ng'ambo ya Pangani mjini, nafuga mbuzi kama ishirini na vikuku. Mwezi wa tano 2024 tulipotangaziwa kimbunga Hidaya ndo nikakaa nikawaza, kivuko kikisimama na barabara ikikatika sie huku na watoto tunakimbilia wapi? Duka la dawa lenyewe dogo, likiishiwa limeishiwa. Ila bandani nina antibayotiki za sindano, OTC (oksitetrasaiklini) na penstrep, na aivamektini ya minyoo na upele wa mbuzi. Shemeji yangu kanionyesha video za Wamarekani wanaojiandaa na majanga, wanaweka stoo antibayotiki za samaki na dawa za farasi, wanasema ni dawa ileile imebadilishwa lebo tu. Kuna ukweli? Na kama upo, dozi ya mtu mzima ni ngapi? (Mfuga mbuzi, Bweni)

Waaleikum salaam kaka. Wengi wakiulizwa hili wanaanza kwa kugomba, mi naanza kwa kukubali kidogo: shemeji hajadanganya yote. Oksitetrasaiklini iliyopo kwenye chupa yako ni oksitetrasaiklini kweli, haijaota kwato. Aivamektini nayo hivyohivyo, na sisi wa Tanga ndo wa mwisho kubisha maana tumeimeza miaka na miaka kwenye kingatiba ya matende na mabusha, na wenzetu wa milimani kule Amani wameimeza kwa ajili ya usubi, ule ugonjwa unaopofusha macho. Ilianza kama dawa ya wanyama kabla haijaja kwa watu, na waliohangaika nayo, Satoshi Ōmura wa Japani na mwenzie William Campbell, wakapewa Nobel mwaka 2015.

Sasa we kumbuka siku ya kingatiba, mgawa dawa alikufanyia nini kabla hajakupa hata kidonge? Alikusimamisha kwenye kijiti. Kile kijiti chenye alama ndo dozi yenyewe ile, urefu unatumika badala ya mizani, mtu mzima mrefu kuliko wote mtaani anaishia vidonge vinne vya miligramu 3 yaani jumla 12, na mtoto ambaye hajafika sentimita 90 hapewi kabisa. Haya, shika chupa yako ya bandani, ile ya asilimia 1. Kila ml 1 ina miligramu 10. Ukijimiminia kijiko kimoja cha chai ni ml 5, umeshameza miligramu 50, mara nne na ushee ya huyo bwana mrefu, tena umemeza kitu kilichotengenezwa kiingie chini ya ngozi ya mnyama, na vile vimiminika vilivyoyeyushia dawa hakuna aliyekupimia wewe tumboni. Inaanza kutapika, kizunguzungu, mtu anaona maluweluwe, mwisho degedege. Marekani mwaka 2021 wakati wa korona watu walijipakulia ya farasi mpaka mamlaka yao ya dawa ikabidi iwaandikie mtandaoni kwamba jamani nyie sio farasi.

OTC ya asilimia 20 ina miligramu 200 kila ml, ng'ombe wa kilo 300 anapigwa ml 30 kwa mkupuo, piga hesabu hapo ni gramu 6. Mtu anayeandikiwa vidonge vya dawa hiyo anaweza kuanzia miligramu 250. Na mtoto ambaye hajatimiza miaka 8 inamtia meno rangi ya kahawia asiyoweza kuisugua na mswaki wowote, mjamzito ndo usimsogezee.

Penstrep ndo inaninyima usingizi zaidi. Ndani mna penisilini na dihidrostreptomaisini, hiyo ya pili kwa watu iliachwa zamani kwa sababu inaua masikio, mtu anapona homa anabaki kiziwi. Na penisilini yenyewe kama una aleji nayo na hujijui, koo linaweza kuziba ndani ya dakika chache, hospitali wana adrenalini, sindano ya kukuokoa hapohapo, we bandani una nini? Una pumba.

Kuna baba mmoja alinijia dukani hapa Ngamiani na chupa yake ya OTC kaifunga kwenye mfuko wa plastiki, anataka nimsomee dozi ya mkewe. Nikaigeuza kwenye mwanga. Kizibo cha mpira kimetobolewa tobolewa hadi kimekuwa kama chujio la tui, pembeni kumegandia nywele mbili za mbuzi, dawa imekuwa nyeusi kama kahawa ya kashata, na tarehe imefutika. Nikamuuliza inakaa wapi, akaniambia juu ya dirisha la banda, jua lote la mchana lake. Sindano ngapi zimeingia humu mzee wangu? Akacheka, nami nikacheka, ila nilimwomba aniachie ile chupa na mkewe amlete apimwe. Tetrasaiklini, ndugu yake OTC, ikioza imeshawahi kuharibu figo za watu, hilo madaktari wamelieleza tangu miaka ya 1960. Nyie mtasema mbona kuna dawa zinapita tarehe na bado zina nguvu, ni kweli zipo, jeshi la Marekani limekuwa likipima za kwake tangu 1986 na nyingi zimekutwa nzima, lakini zile hazijafunguliwa na zimetunzwa stoo za maana, sio dirishani kwa mbuzi.

Hao wa dawa za samaki nao msiwaige mkadhani wamegundua siri. Walikuwa wanazinunua kirahisi na wengi wanakimbia gharama za daktari, na tangu Juni 2023 antibayotiki za mifugo ambazo ni muhimu kwa watu pia haziuzwi kule bila cheti cha daktari wa mifugo. Kwetu TMDA, mamlaka ya dawa, inasajili dawa za watu na za mifugo, lakini iliyosajiliwa kwa mbuzi imeangaliwa kwa mbuzi.

Ila kaka hofu yako ya kukwama ni ya kweli, sitaki uondoke mikono mitupu. Maji yakijaa kinachowaandama watu baadaye mara nyingi ni kuhara, na kuhara kwingi hakutaki antibayotiki, kunataka maji na chumvi kurudi mwilini. Kwa hiyo kabla ya masika nunua ORS pakiti za kutosha nyumba nzima na zinki ya watoto, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 kwa mtoto wa miezi sita kwenda juu, chini ya hapo nusu yake. ORS zikiisha, lita moja ya maji salama, vijiko vya chai sita vya sukari visivyo na kilima, na nusu kijiko cha chumvi, na ukionja kukawa na chumvi kuliko machozi mwaga uanze upya. Weka na dawa ya klorini ya maji, sabuni, bandeji, povidoni ya vidonda, panadol. Na kitu watu wanakisahau kila mwaka, kama mama ana presha au sukari, au kuna mtu wa ARV au pampu ya pumu, ongea na kliniki yake mapema asikutwe na vidonge vya siku mbili kivuko kimelala. Vyote ndani ya ndoo yenye mfuniko, juu ya kabati. Za mbuzi zibaki kwa mbuzi, na ufungie, watoto wasizifikie.

Dada, paka wangu ana homa na kapiga chafya usiku kucha, nimpe robo panadol? (Chumbageni)

Hata chembe usimpe. Mwili wa paka hauwezi kuivunja panadol, kidonge kimoja kinatosha kumuua. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na kama kesharamba mpeleke sasa hivi, usisubiri.

Shikamoo dada. Nilikuwa namchoma ng'ombe sindano akarusha teke, sindano ikaniingia mie pajani. Ni jana, najisikia poa tu, nipuuze? (Handeni)

Marahaba mdogo wangu. Usipuuze, na kilichonikera ni kwamba hujaniambia ilikuwa dawa gani, maana jibu lote liko hapo. Kuna antibayotiki ya ng'ombe inaitwa tilmikosini, hiyo ikiingia kwa mtu inashambulia moyo na watu wameshakufa nayo, dawa ya kuipoza haipo. Na wanaochanja kuku kwa chanjo zile za mafuta wasikie pia: ikiingia kidoleni hata tone, kidole kinaweza kufa kwa kukosa damu, inatakiwa hospitali siku hiyohiyo na mara nyingine kupasuliwa, hata kama kitobo hukioni. Safisha kwa maji na sabuni, usibinye wala kunyonya, beba chupa yenyewe na lebo yake uende nayo hospitali leo, muulize daktari na sindano ya pepopunda. Halafu ng'ombe mwenyewe je, alichomwa au dozi yake yote imeishia kwako?