Kwa mnaoanza Cilk: programu iwe sahihi kwanza kwenye kiini kimoja

Vijana wanaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo ofisini kwetu Arusha, wengine wakitoka vyuo vya hapa mjini na wengine Moshi, hufika wakiwa tayari wanaijua lugha ya C, na wakipewa programu inayochelewa huuliza mara moja namna ya kuigawa kwa nyuzi (threads), yaani mikondo ya kazi inayoendeshwa kwa wakati mmoja. Ushauri wangu ni kwamba swali hilo liahirishwe. Kwanza programu itoe jibu sahihi kwenye kiini kimoja (core) cha prosesa, kisha ipimwe ijulikane ni sehemu gani hasa inayokula muda, na ndipo tujiulize ni kazi zipi ndani yake zisizosubiriana. Lugha ya Cilk inafaa kwa mafunzo haya kwa sababu haimruhusu mwanafunzi kuruka hatua hiyo.

Cilk ni nyongeza ndogo juu ya C na C++. Ilianza mwaka 1994 katika chuo cha MIT nchini Marekani, katika kundi la Charles Leiserson, na toleo linaloendelezwa leo, OpenCilk, hupatikana bure pamoja na msimbo wake. Maneno yake ya msingi ni matatu. Neno cilk_spawn huwekwa mbele ya fankisheni inayoweza kuendelea huku ile iliyoiita nayo ikiendelea. Cilk_sync huzuia programu isivuke mahali hapo mpaka fankisheni zote zilizoitwa kwa cilk_spawn ndani ya fankisheni hiyohiyo ziwe zimerudi. Na cilk_for ni mzunguko ambao duru zake zinaweza kufanyika kwa pamoja. Nasema "inaweza" kwa makusudi, kwa kuwa mwandishi wa programu haagizi ni nyuzi ngapi zianzishwe wala kazi ipi iende kwenye kiini kipi. Ukiyaondoa maneno hayo, na cilk_for ukairudisha kuwa for, unabaki na programu halali ya C ambayo unaweza kuikagua kwa njia ulizozizoea.

Mgawanyo wenyewe hufanywa na mfumo unaoambatana na programu inapoendeshwa. Kila mtenda kazi, yaani uzi mmoja ambao mfumo umeuanzisha, ana foleni yake na huchukua kazi kwenye ncha ya karibu, yaani ile iliyowekwa mwisho; foleni yake ikiisha, humchagua mwenzake yeyote kwa bahati nasibu na kuchukua kazi kwenye ncha ya mbali, ile ya zamani kuliko zote. Ni kama palizi ya mahindi ambapo aliyemaliza tuta lake haendi kusimama begani kwa mwenzake, bali huanzia upande wa pili wa tuta la mwenzake. Kazi ya zamani kwa kawaida ndiyo kubwa, hivyo aliyeichukua hatarejea kuomba nyingine upesi, na wawili hao hawagongani mara kwa mara.

Jambo ambalo ningependa kila anayeanza alishike kabla ya kuandika hata mstari mmoja ni tofauti kati ya kazi yote na mnyororo mrefu. Kazi yote ni muda ambao programu ingetumia kwenye kiini kimoja. Mnyororo mrefu ni muda wa mfululizo mrefu kuliko wote wa hatua ambazo lazima zifuatane, hata ungekuwa na viini visivyo na idadi. Robert Blumofe na Leiserson walithibitisha kwamba mfumo wa kugawa kazi wa namna hii, ukiwa na viini P, hutarajiwa kumaliza kwa muda usiozidi kazi yote kugawa kwa P, ukijumlisha kiasi kinacholingana na mnyororo huo. Chukulia programu yenye kazi ya sekunde 60 na mnyororo wa sekunde 15. Uwiano wake ni 4. Ukiipeleka kwenye mashine yenye viini 16 haitashuka chini ya sekunde 15, na fedha ya kukodi mashine hiyo ingeokolewa kwa hesabu ya dakika moja kwenye karatasi. Kifaa kiitwacho Cilkscale hukupimia namba zote mbili, lakini anayeanza afanye kwanza makadirio kwa kalamu.

Kosa jingine ni kugawa kazi ikawa vumbi. Mfano unaopendwa ni namba za Fibonacci, ambapo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia, fankisheni ikijiita yenyewe mara mbili na mwito mmoja ukitanguliwa na cilk_spawn. Kwa namba ya 40, mtindo huo hutumia cilk_spawn mara 165,580,140, na kila mara ina gharama yake hata kama ni ndogo. Weka sharti kwamba chini ya 20 hesabu ifanyike kwa njia ya kawaida, na idadi hiyo inashuka hadi 28,656, ambazo bado zinatosha kabisa kuvilisha viini vinne au vinane.

Penye hatari zaidi ni pale nyuzi mbili zinapoandika mahali pamoja. Tuseme unahesabu nukta za kijani katika picha ya setilaiti ya msitu wa Mlima Meru, na ndani ya cilk_for kuna kigeu kimoja cha jumla kinachoongezwa moja kila nukta ya kijani inapoonekana. Uzi wa kwanza unasoma 7, wa pili nao unasoma 7 kabla wa kwanza haujaandika, kisha wote wawili wanaandika 8. Nukta moja imepotea na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu. Kibaya zaidi, picha ndogo ya majaribio inaweza kutoa jibu sahihi kila mara. Msiziamini programu za namna hii kwa sababu tu zimejibu vizuri zilipojaribiwa mara nyingi. Ziandaeni kwa Cilksan, kifaa cha kutafuta migongano ya aina hii, kwa kuiambia kompaila -fsanitize=cilk pamoja na -fopencilk, nayo itaonyesha mistari inayogongana kwa data uliyoipa. Haihitaji kompyuta yenye nguvu, kwa kuwa hukagua uwezekano wa mgongano badala ya kungoja mgongano wenyewe utokee. Kiini kimoja kinatosha. Tiba yake kwa kawaida si kufuli (lock) la kuruhusu uzi mmoja tu kwa wakati, ambalo litavipanga viini mstari mmoja kukingoja kigeu kilekile, bali ni kigeu cha aina ya reducer, ambapo kila tawi la kazi hukusanya jumla yake na mfumo ukaziunganisha mwishoni.

Kuhusu matoleo, muwe macho na maelezo ya zamani. Intel iliinunua kampuni ya Cilk Arts mwaka 2009 na kuendeleza Cilk Plus, ambayo baadaye iliachwa na kuondolewa katika kompaila ya GCC, toleo la 8, mwaka 2018. Kwa hiyo maelekezo yanayokutaka utumie GCC yenye -fcilkplus hayatakufikisha popote leo. Kwa OpenCilk, mwenye Windows atahitaji Linux ndani yake. Pakueni kifurushi cha OpenCilk kilichokwisha kuandaliwa badala ya kuanza na msimbo, maana kuiandaa kompaila nzima kwenye kompyuta ya kawaida huchukua muda mrefu mno.

Mnapopima, badilisheni CILK_NWORKERS, kigeu cha mazingira kinachoweka idadi ya watenda kazi, kutoka 1 hadi idadi ya viini halisi, wala si idadi inayoonyeshwa na mfumo, ambayo mara nyingi ni maradufu. Pimeni kompyuta ikiwa kwenye umeme wa ukutani. Umeme ukikatika, kompyuta nyingi za mkononi hupunguza mwendo zinapohamia kwenye betri, na jedwali lenye nusu ya vipimo vya kabla na nusu ya vipimo vya baada halisemi lolote kuhusu Cilk. Na kama programu yenu inajumlisha tu safu mbili kubwa za namba, msishangae viini vinne visipoleta hata mwendo maradufu: hapo viini vyote vinaisubiri kumbukumbu, na hakuna mpangilio wa nyuzi utakaoiharakisha.