Mvua ya Jinja haipigi hodi, jipange kabla hujatoka Kampala

Juzi dada mmoja wa Mbale kaniandikia inbox, anaenda Nyege Nyege, lile tamasha la muziki la Jinja, kwa mara ya kwanza na swali lake lilikuwa moja tu, avae nini. Nikamjibu dada yangu, nguo ni jambo la mwisho kabisa, niulize kwanza utalala wapi. Maana watu wanakuja na miwani ya kung'aa na viatu vyeupe, mvua ikishuka saa tisa usiku wanaanza kuulizana hema la nani lina nafasi, na hema hilo mara nyingi huwa langu.

Mwaka mmoja niliwaambia wenzangu tupande juu kidogo, mbali na mto. Wakakataa, walitaka chini karibu na steji ambako maji ya Nile yanaonekana vizuri kwa picha. Nilikuwa nimebeba gambuti, turubai na kijembe kidogo, mmoja akaniita mama mkwe mbele ya watu na wote wakaangua kicheko. Hilo jina bado linaniuma, sitaficha. Usiku ule mvua ilipokuja maji yaliteremka kwa kufuata njia ya watu, pale nyasi zilipokuwa zimeisha kwa kukanyagwa, yakaingia moja kwa moja kwenye mahema yao, magodoro yakaloa na simu zikazima, na wakaja kwangu wote wakitetemeka. Niliwafungulia, hata yule wa mama mkwe, na asubuhi hakuna aliyesema asante.

Sasa sikiliza. Hili tamasha tangu lianze 2015 limefanyika sana mwezi wa tisa, na 2023 likasogezwa mwezi wa kumi na moja, na kote huko uko ndani ya msimu wa pili wa mvua. Usidanganyike na jua la saa sita. Mchana upepo wa Ziwa Victoria unasukuma unyevu nchi kavu, mawingu yanapanda na jioni ngurumo zinaanza, halafu usiku upepo unageuka, mvua inakusanyika ziwani na alfajiri wakati mwingine inafika ufukweni. Kwa hiyo asubuhi ukiona kweupe usiseme leo tumepona.

Na baridi je? Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ukiloa usiku kule utajua. Weka sweta moja na soksi ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, funga vizuri na usiziguse mpaka usiku. Simu na pawabanki kaveera yake. Kitambulisho na pesa kaveera yake. Mimi nasema kaveera, kaveera, kaveera, na watu bado wanakuja na begi la kitambaa!

Hema lako lijaribu nyumbani, limwagie maji ndoo nzima uone panapovuja. Ukifika tafuta mwinuko, tazama ardhi, ukiona michirizi ya maji ya zamani ondoka hapo hata kama marafiki zako wote wamekaa. Turubai la chini lisitokeze nje ya hema sababu litakusanya maji na kuyaleta mgongoni kwako.

Radi ndiyo siwezi kuichukulia mzaha. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao kule Kiryandongo, wakiwa shuleni. Ukiona mwanga hesabu, kila sekunde 3 ni kama kilomita moja, sekunde zikiwa chini ya 30 kabla ya kusikia mngurumo acha kucheza uingie kwenye gari au jengo la kweli. Siyo chini ya mti, siyo kando ya nguzo za steji, na hema halikulindi. Vijana wenzangu tunapenda raha lakini kujilinda tunaona ni mambo ya wazee, hiyo tabia tuiache, DJ atapiga tena radi ikipita. Subiri nusu saa baada ya mngurumo wa mwisho.

Na wakati wa kurudi usipande boda mvua ikiwa bado inanyesha, barabara ya muramu ikiloa inateleza kuliko sabuni. Ngoja taksi, hata kama Jumatatu utachelewa kazini.