Pikipiki iliyogongwa ikiwa imeegeshwa: kipi kichongwe na kipi kinunuliwe

SWALI: Nina Honda XL 125 ya zamani. Nilikuwa nimeiegesha nje ya duka hapa Morogoro, gari lililokuwa linarudi nyuma likaigonga, ikaangukia upande wa kulia. Mkono wa breki ya mbele umevunjika, pedali ya breki ya nyuma imepinda, na kava la klachi lina ufa unaovuja oili. Mwenye gari amekubali kulipa, lakini madukani naambiwa spea zake hazipatikani tena. Fundi mmoja anasema atachonga kila kitu. Nikubali?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hatujafika kwa fundi, nakuomba usiiwashe pikipiki hiyo. Pikipiki ikilala ubavu, oili huweza kupenya hadi kwenye kisafisha hewa na ndani ya silinda, na petroli ya kwenye kabureta humwagika. Fungua plagi, kanyaga kiki taratibu mara kadhaa ili kilichoingia kitoke kwenye tundu lake, kagua kisafisha hewa, kisha pima oili iliyobaki. Hakikisha pia kwamba mkono wa mafuta unarudi wenyewe ukiuachia, kwa sababu uko kulia, na ndio unaokwama usukani unapopiga chini upande huo.

Kuhusu malipo sitasema mengi. Piga picha za pikipiki kabla haijaguswa, na makubaliano yenu yaandikwe yakitaja pia madhara yatakayobainika baada ya kuifungua, maana uliyoyaorodhesha ni yale yanayoonekana kwa macho tu. Iwapo mwenye gari anataka bima yake ndiyo ilipe, polisi wapewe taarifa kabla ya matengenezo kuanza, nawe uhakiki namba ya gari lake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ili ujue kama bima hiyo ingali hai, na kama ni ya aina inayofidia mali ya mtu mwingine.

Sehemu ambayo hukuitaja, nami ningeikagua kwanza, ni shokapu za mbele. Kaa juu ya pikipiki, elekeza gurudumu mbele, utazame kama usukani umekaa sawa nalo. Ukiwa umeenda upande, usikimbilie kusema shokapu zimepinda, kwani mara nyingi zimejisokota tu ndani ya vishikio vyake. Legeza bolti za vishikio hivyo pamoja na ekseli ya mbele, bana gurudumu kwa magoti, rudisha usukani mahali pake, kisha kaza upya. Kasoro ikibaki, bomba za shokapu zitolewe na kuviringishwa juu ya kioo kinene. Bomba lililopinda huonyesha mwanga chini yake, ukitokea na kutoweka kadiri linavyozunguka. Kikomo cha kupinda katika vitabu vingi vya matengenezo ni milimita 0.2, na bomba lililozidi hapo halinyooshwi kwa nyundo wala kwa moto. Tafuta jingine, hata lililotumika, lenye kipenyo hichohicho kilichopimwa kwa venia, yaani kipimo cha taya cha kupimia vipenyo.

Sasa nije kwa fundi wako. Anayeahidi kuchonga kila kitu hajajiuliza swali ambalo mimi huanza nalo: kifaa hiki kikikatika pikipiki ikiwa mwendoni, nini kitampata aliyeipanda? Sehemu ya kukanyagia, bushi, kava na vitu vya namna hiyo vinachongeka bila hofu. Shokapu, ekseli za magurudumu na mkono wa breki nisingekubali vichongwe kwa chuma kisichojulikana kilikotoka, na hasa nondo za ujenzi, ambazo baadhi ya mafundi huzipenda kwa sababu ziko kila mahali.

Kava la klachi ndilo lenye kazi kubwa, na bila shaka linaweza kuokolewa. Lioshe kwa petroli, likauke kabisa, paka mafuta ya taa upande wa ndani na chaki upande wa nje. Baada ya muda mafuta yatapenya na kuchora ufa wote juu ya chaki, nawe utashangaa jinsi ulivyo mrefu kuliko ulivyodhani. Kila mwisho wa ufa utobolewe tundu la milimita 3 hivi ili usiendelee mbele, kisha alumini hiyo ichomelewe kwa gesi ya argoni, kwa fimbo ya alumini yenye silikoni. Lipashwe moto kwanza, kwani oili iliyojificha ndani ya chuma huleta mapovu kwenye weldingi, na lifungwe kwa bolti juu ya bamba nene ili lisijikunje. Likishapoa, uso unaokaa kwenye gasketi usuguliwe juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo hadi ung’ae sawasawa kote.

Ikiwa kipande kimepotea na fundi anataka kusubu kava jipya, yaani kuyeyusha alumini na kuimimina, muulize atatumia nini kutengenezea kalibu ya mchanga itakayomiminiwa. Akikujibu kwamba atakandamiza kava la zamani kwenye mchanga, msimamishe. Alumini hunywea kwa takriban asilimia 1.3 inapopoa, kwa hiyo kava lenye urefu wa milimita 200 litatoka fupi kwa zaidi ya milimita 2.5, na matundu ya bolti hayatakutana na ya injini. Kielelezo, yaani umbo linalokandamizwa mchangani, kinapaswa kuongezwa ukubwa, matundu yaachwe bila kusubiwa, kisha yatobolewe baadaye kwa kufuata gasketi, na tundu la shafti ya kiki likerezwe mwisho kabisa. Alumini itokane na pistoni na silinda hedi za zamani, si sufuria na makopo. Kazi hii inahitaji karakana yenye vifaa. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, inaweza kukuelekeza, au ulipeleke kwa mafundi wa eneo la Gerezani, Dar es Salaam.

Mkono wa breki usichongwe, wala usiunganishwe kwa weldingi. Usukani wa pikipiki nyingi una kipenyo cha milimita 22, kwa hiyo mkono wa Boxer au TVS yenye breki ya mbele ya waya unaweza kufungwa pamoja na kishikio chake. Pima umbali kutoka kwenye bolti ya mhimili hadi kwenye kichwa cha waya, ulinganishe na ule wa zamani. Umbali huo ukitoka milimita 25 kwenda 30, nguvu inayofika kwenye waya hupungua kwa karibu asilimia 17 kwa mkamato uleule wa mkono.

Pedali ya nyuma ni chuma laini. Ipashwe hadi iwe nyekundu, inyooshwe, iachwe ipoe yenyewe bila kumwagiwa maji. Unapoirudishia, angalia bolti: zile za milimita 10 za pikipiki za Kijapani kwa kawaida zina nyuzi za hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.25, ilhali bolti za kawaida za duka la vifaa vya ujenzi ni 1.5. Ya dukani itaingia mizunguko miwili au mitatu kisha ikaze, na fundi mwenye haraka ataongeza spana ndefu.