Mapanga matatu, sweta hakuna: begi la siku tatu Uluguru

Mkuu, nimeiona orodha yako ya kwenda kulala siku tatu kwenye milima ya Uluguru, Morogoro, mko watatu: mapanga matatu, shoka, msumeno, hema la watu sita, na sweta hakuna hata moja. Nimecheka, maana na mimi nilianza hivyo hivyo.

Mara ya kwanza nilipanda na begi la kilo kama 19, chuma tupu. Morogoro mjini jua linawaka, nikasema sweta ya nini? Mji uko kwenye mita kama 500 tu, vilele vya kule vinapita 2,000, na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka karibu nyuzi 6. Hesabu hiyo niliipiga saa nane usiku, shuka limelowa, mvua haikatiki, nimekumbatia sufuria lenye majivu ya moto. Panga lilikuwa pembeni linaniangalia.

Tangu siku hiyo naanza kupanga begi kwa saa nane ya usiku, halafu narudi nyuma. Nitakuwa nimevaa nini, nimelalia nini, na juu yangu kuna nini?

Hapo kwenye kulalia ndipo wengi tunapokosea, tunahangaika na cha kujifunika wakati baridi inatokea chini. Beba viroba vitupu vya kilo 50, viwili kwa kila mtu. Mkiwa bado mashambani, omba wenyeji majani makavu ya mgomba, yakung'ute vizuri (siafu hawana utani), kisha jaza. Nguo za kulalia, yaani sweta la mtumba na soksi nzito, funga kwenye nailoni mbili na usiziguse mchana hata ukilowa chapachapa. Hema liache, turubai la mita 3 kwa 4 linawatosha.

Kwa moto, pitia kwa fundi baiskeli akupe mpira wa ndani uliokufa. Vipande vidogo vinashika hata kuni zikiwa na unyevu, virefu vinafungia turubai. Unanuka vibaya, kwa hiyo subiri uishe ndipo uchome nyama. Viberiti viwili, kila kimoja kwa mtu wake.

Panga moja na tupa fupi ya kulinolea vinatosha. Shoka na msumeno vya nini? Msitu ule ni hifadhi, mti hukati, na kibali chukueni mapema. Mkilala huku chini pembeni ya mashamba, kuni mnanunua kwa wenyeji.

Maji, lita mbili kila mtu zinatosha kuanzia, vijito vipo, mtachemsha. Jamaa yangu alibeba dumu la lita kumi, yaani kilo kumi, akalimwaga njiani kabla hata hatujafika nusu.

Halafu niambie, hilo hema la watu sita mlikubaliana alibebe nani?