Vuteni vyombo kwanza

Swali la wiki hii: "Mkitangaziwa kuwa kimbunga kinakuja, mtaani kwenu mnaanza na nini?" Mimi nakaa kisiwa cha Mafia, Tanzania, na jibu langu huenda likawakera watu wa maafa. Tunaanza na vyombo: mashua, ngalawa, mitumbwi, boti za faiba. Watu baadaye.

Najua mabango yanasema uhai kwanza, na sibishani nayo. Ila njooni mkae diko lolote la huku, pale vyombo vinapofikia pwani, mwone. Mvuvi ambaye mashua yake bado inaelea, hata mkimweka kwenye darasa la tofali, saa nane za usiku mtamkosa. Kaenda kuangalia nanga. Mashua ndiyo shamba lake na ndiyo ada ya watoto, na mara nyingi hata si yake, ni ya tajiri, na mashine ni ya mkopo. Mkishamsaidia kuipandisha hadi kwenye minazi, mmempata yeye, mkewe na mama yake kwa mkupuo mmoja. Atakwenda mtakakomwambia, maana hana tena kinachomrudisha pwani.

Kuna na jambo la pili. Aprili 2021 tulitangaziwa kimbunga Jobo. Tukajifungia, tukangoja, nacho kikafia baharini kabla ya kutufikia. Basi kimbunga Hidaya alipotangazwa mwanzoni mwa Mei 2024, neno la barazani likawa moja: "Huyu naye Jobo." TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, walikuwa wanatoa taarifa kila siku, Ijumaa ya tarehe 3 habari ikawa misikitini, na bado kuna wazee waliokataa katakata kutoka nyumbani. Lakini wazee haohao, ukiwaita pwani kuvuta mashua ya jirani, wanakuja. Kuvuta chombo hakuhitaji mtu aamini kuna kimbunga. Unakwenda kwa sababu kesho utavutiwa chako. Na watu wakishakusanyika hapo, habari inapita mdomo kwa mdomo, na mbishi anaona kwa macho yake kwamba nahodha mwenye umri wa baba yake kashusha tanga. Hilo lina uzito kuliko kipaza sauti.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Mashine inafunguliwa kwanza, inabebwa na watu wawili na kuwekwa kwenye nyumba imara, si kwenye banda la samaki. Foromali, ule mti unaobeba tanga, na tanga lenyewe vinashushwa, farumi, yale mawe ya kukitia chombo uzito, inatolewa jiwe moja moja, maji ya ndani yanakumbwa yote. Kisha magogo ya mnazi yanalazwa mchangani, kamba inafungwa, mmoja anaimba wengine wanaitikia. Mitumbwi midogo haihitaji kundi, lakini usiiache mitupu: upepo wa kimbunga unaubeba mtumbwi mtupu. Unaufunga, halafu unaujaza mchanga mbichi au maji. Majahazi hayavutwi. Hayo yanapelekwa kwenye mkondo ndani ya mikoko na kufungwa huku na huku kwenye mashina. Na tafadhali, usifunge chombo chini ya mnazi wenye nazi.

Saa ya kufanya haya haiamuliwi na mwenyekiti wala na mtendaji. Inaamuliwa na maji. Mashua nzito unaipandisha maji yakiwa yamejaa, inaelea hadi ukomo wake, ndipo magogo yanashika kazi. Hidaya alitua kwetu Jumamosi tarehe 4 Mei, mwezi wa Mfunguo Mosi, unaofuata Ramadhani, ukiwa katika kumi la mwisho, maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, ndiyo kwanza yanaisha, na bamvu, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bado. Ilikuwa bahati, tena kubwa, kwa sababu bahari ya bamvu huku inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kimbunga kikisukuma maji juu ya bamvu lililojaa, nyumba za mbele hazina chao. Lakini bahati hiyo ilikuwa na gharama: maji mafu hayapandi mbali, kwa hiyo mashua ziligota chini kabisa na masafa ya kuvuta kwa mikono yakawa marefu. Asiyevuta hawezi kulijua hili, na sijawahi kulisikia likisemwa redioni.

Jingine ni upepo. Wavuvi wengi huificha mashua upande uliokingwa dhidi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, kwa sababu mwezi wa Mei ndiyo unaanza. Kimbunga huku kusini mwa ikweta huzunguka kufuata mshale wa saa. Kikiwa bado mashariki mwetu, upepo wake unatufikia kutoka kusini, na ukiwa pwani utadhani ni kusi ya kawaida iliyotia fora. Kikishapita, unageuka na kuja kutoka kaskazini. Ile bandari uliyojifichia sasa iko wazi. Na kitovu chake kikipita juu yenu, katikati hapo panatulia shwari, na ndipo watu wanapotoka ndani kuangalia vyombo. Nusu ya pili inawakuta mchangani.

Msidhani haya ni mageni. Kimbunga cha Aprili 1872 kilifyeka mikarafuu ya Unguja. Cha Aprili 1952 kiliipiga Lindi. Kenneth aliingia Cabo Delgado, kusini tu ya Mtwara, Aprili 2019. Karibu vyote vinakuja masika, upepo ukigeuka kutoka kaskazi, ule wa kutoka kaskazini, kwenda kusi, wakati ambao mabaharia wa zamani walikuwa wamekwisha kupandisha vyombo kwa matengenezo. Siku hizi tuna mashine, tunavua mwaka mzima, na tahadhari ikitoka vyombo viko majini.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandaa matangazo ni dogo. Rangi za tahadhari, ya chungwa na nyekundu, tunazijua, kilomita kwa saa tunazisikia. Ongezeni mambo mawili: maji yatajaa saa ngapi siku hiyo, na upepo utaanza upande gani na kugeukia wapi. Nahodha akiyasikia hayo hahitaji kuambiwa zaidi.

Nyumba zinafuata, na hapo sina mengi. Makuti tunayafunika kwa nyavu kuukuu na kuning'iniza mawe pembeni. Bati linapitishiwa kamba juu na kufungwa kwenye nguzo, na wenye uwezo wanaongeza misumari. Mkwezi anaitwa aangue nazi zilizo juu ya paa. Simu zinachajiwa, pesa inatolewa kwa wakala mapema kabla mtandao haujakata. Ila ufunguo wa shule, jamani! Mahali pa kukimbilia pametangazwa, watu wamefika na mikeka na watoto mgongoni, mlango una kufuli, na aliyeshika ufunguo yuko ng'ambo. Kijiji chetu kilikutwa na hilo. Siku hizi funguo ni mbili, moja iko kwa mama anayeuza maandazi mkabala na shule, kwa sababu yeye hasafiri.

Sasa niseme lililobaki, maana kuna dada zangu watasoma hapa na kuniuliza. Vyombo ni vya wanaume. Wanawake wa huku wengi wanalima mwani, na mwani uko kwenye kamba zilizofungwa vijiti ndani ya maji. Tangazo likitoka, hakuna kundi linaloitwa kwenda kuunusuru, wala hakuna wa kuimba na kuitikia. Mwenyewe anaingia na watoto wake, anachomoa anachoweza. Akiuvuna kabla ya muda wake uzito ni mdogo, na hata ukishautoa unataka jua la kuanikia, na masika jua halipo, kwa hiyo unaoza kwenye gunia. Wapo wanaoona afadhali uende na kimbunga kuliko kuhangaika nao. Nimewahi kulitaja hili kwenye mkutano wa kijiji, likapokewa kwa kuinamisha vichwa na ajenda ikaendelea. Kama msomaji wa kisiwa cha Jibondo hapa jirani, au wa Paje huko Unguja, amepata njia ya kunusuru kamba za mwani ndani ya siku mbili, basi aiandike hapa wiki ijayo, nami nitaipeleka mkutanoni.